Mlio Asiousikia Fundi Kristofa

Watu wa Lushoto walikuwa na utani wao: gari likiwa bado linapanda kutoka Soni, fundi Kristofa ameshajua ugonjwa wake kabla halijafika sokoni. Utani wenyewe ulikuwa na ukweli ndani yake. Tangu ujana wake kule Gare, alipoanza kwa kupaka grisi magari ya misheni, Kristofa alitibu magari kwa sikio. Hafungui nati mpaka asikilize. Fundi anayefungua kabla ya kusikiliza ni mchinjaji, alikuwa akisema, na mchinjaji akatafute kazi buchani. Alikuwa na ufito wa chuma. Ncha moja anaiweka kwenye gia boksi au kwenye difu ya ekseli ya nyuma, nyingine sikioni, anafumba macho, halafu anatamka ugonjwa. Gari likifunguliwa, ni huohuo.

Basi mwaka huo wa sabini na tano sikio lilikuwa limemwacha.

Halikumwacha kwa siku moja. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege wa asubuhi, kengele ndogo ya altareni, mtoto analia nyumba ya jirani. Sauti nene alizisikia bado, ngurumo, injini, mwanamume anayeongea kwa nguvu akiwa karibu. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, tunasema sana, lakini tunayasemea maradhi ya wenzetu. Yetu tunayafunika blanketi. Kristofa alijifunza kutikisa kichwa, ndiyo, watu wakisema naye, na kucheka wakicheka. Alishangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi miezi mingi kwa kutikisa kichwa tu.

Siku ya Jumatatu ikaletwa Landrova ya ushirika wa mboga. Lilikuwa gari kuukuu, lililoachwa na mzungu mmoja wa shamba alipofunga mizigo yake baada ya Azimio la Arusha, na tangu hapo limebeba kabichi, mbolea, wagonjwa, wajumbe na hata jeneza. Dereva wake alikuwa Nathanieli, mume wa Selina, binti wa pekee wa Kristofa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari lina nini?"

Nathanieli alisimama hatua tatu kutoka kwake, kofia mkononi, macho chini. Ndivyo inavyompasa mtu mbele ya baba wa mkewe. Huko milimani mkwe ni mkwe: hukai naye mkeka mmoja, humkodolei macho, wala sauti yako haipandi juu ya yake hata nyumba ikishika moto. Nathanieli alikuwa kijana aliyelelewa, tena akalelewa vizuri mno. Alieleza shida ya gari kwa sauti ya mtu anayeungama, na Kristofa hakuambulia neno. Kwa bahati, Bwana Sheshe, katibu wa ushirika, alikuwa mtu wa makaratasi. Alikuwa ameandika kwa mkono wake, *Mlio sehemu ya nyuma, mwendo ukizidi.* Kristofa aliisoma karatasi, akatikisa kichwa kana kwamba amesikia yote.

Wakatoka nalo mpaka Magamba na kurudi. Kila mara gari lilipoondoka pale liliposimama, Kristofa alisikia ko! chini ya miguu yake, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Amesikia! Waliporudi alijiingiza chini ya gari, akashika propela shafti, akaizungusha huku na huku, na kweli krosi, kiungo cha nyuma cha shafti hiyo, ilikuwa imelika, inacheza kama jino la mtoto. Spea za dukani hazikuwepo, Tanga hazikuwepo, hata Dar es Salaam ungeambiwa subiri meli. Akang'oa krosi moja kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya karakana, akaisafisha, akaifunga. Alipojaribu tena, ko! haikuwepo.

Lakini karatasi ilisema mwendo ukizidi, na krosi ile ilikuwa ikigonga gari linapoanza kwenda. Kristofa hakuwa mjinga. Alipiga jeki nyuma, akaweka mawe chini ya ekseli, akamwambia Nathanieli aingie, awashe, atie gia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani. Kristofa akaweka ufito kwenye difu na ncha nyingine sikioni, akafumba macho.

Alisikia mvumo wa injini. Chini ya mvumo ule, pale ambapo zamani kila beringi na kila jino lilikuwa na sauti yake, hapakuwa na kitu. Akahamisha ufito, akabadili sikio. Jasho lilimtoka, na ilikuwa Julai, baridi ya Lushoto imekaza.

Angeweza kumwaga oili ya difu akatazama ina nini ndani. Ni kazi ya nusu saa. Lakini miaka yote hakuwahi kumwaga oili ili atafute ugonjwa. Kuimwaga leo, mbele ya mkwewe, ni kukiri kwamba sikio halimwambii tena. Akaunyamazisha moyo wake, akashusha jeki.

"Ilikuwa krosi," alisema. "Imekwisha."

Nathanieli alikuwa ameteremka, amesimama palepale pa hatua tatu. Midomo yake ilicheza. Kristofa akadhani anashukuru, akatikisa kichwa. Midomo ikacheza tena.

"Haya, mwanangu. Nenda salama."

Kijana aliinua macho kidogo, akawa kama atamtazama usoni, halafu akayarudisha chini na kusema neno la tatu. Kristofa akatikisa kichwa mara nyingine. Kwenye karatasi ya katibu aliandika *Nzima*, akatia sahihi.

Alhamisi asubuhi Efrazia, mkewe, alimwekea uji, kisha akaketi mbele yake ana kwa ana. Hilo pekee lilimtia wasiwasi. Kwa kawaida Efrazia huketi ubavuni kwake, upande wa kushoto, na watu wakisema huyarudia maneno yao kwa sauti nzito kana kwamba anajisemea. Kristofa hakuwahi kujiuliza kwa nini mkewe ameanza tabia hiyo uzeeni.

"Baba Selina," alisema, akitamka kila neno polepole, "lile gari bado linalia."

"Nani kasema?"

"Nathanieli. Amemwambia Selina usiku wa Jumatatu, na Selina akaniambia mimi juzi. Nimekaa nalo siku mbili, nikiogopa kukuvunja moyo. Leo anateremka nalo Mazinde, na wanawake tele nyuma."

Kristofa alipandwa na hasira. "Mkwe gani huyu, anazungusha habari kwa wanawake? Mbona hakuniambia mimi?"

"Alikuambia." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Alikuambia palepale karakana, mara tatu. Wewe ukatikisa kichwa. Mtoto wa watu afanye nini? Akupigie kelele? Amejua baba amesikia, ameona si kitu."

Uji aliuacha. Alishuka kilima kwenda kwa ushirika, kwa miguu ambayo haikuwa imekimbia miaka mingi, akipishana na watu wanaomwamkia shikamoo asizozisikia, na kichwani aliona kona zile za kuteremkia Mombo, moja baada ya nyingine, ukuta wa jiwe upande huu na shimo upande ule. Difu ikivunjika na kuyakaba magurudumu ya nyuma kwenye mteremko ule, dereva hana la kufanya. Nayo yalikuwa makosa yake yeye, si ya mtu mwingine.

Uani kwa ushirika injini ilikuwa inanguruma. Kabichi zimepakiwa, na juu ya magunia wameketi wanawake wanane au tisa na vikapu vya karoti vya kuuzia abiria wa mabasi kule Mazinde. Bwana Sheshe alikuwa na kalamu yake mkononi. Kristofa akasimama mbele ya gari, akaweka viganja viwili juu ya boneti.

"Lisiende."

Bwana Sheshe alikuja karibu, akasema kwa nguvu, maana ndiyo sauti yake: "Fundi, vipi tena? Si wewe uliyetia sahihi?"

Na hapo, wallahi, mtu mzima alijaribu tena kujificha. "Nimekumbuka kuna nati sikuikaza," alisema.

"Basi ikaze hapahapa, dakika tano! Kabichi zangu haziwezi kulala siku nyingine. Spana hiyo hapo."

Wanawake walicheka. Bi Mwanamisi, mkubwa wao, alipiga kofi gunia na kusema kitu kilichowachekesha zaidi. Kristofa aliitazama spana. Akiikaza nati ambayo haijalegea, dakika tano zitapita, na gari litaondoka.

"Hakuna nati," alisema. "Mimi ni kiziwi, Bwana Sheshe. Huu mwaka wa pili. Sikuusikia mlio, na bado nikaandika nzima. Mwulizeni Nathanieli, yeye ndiye mwenye masikio."

Kicheko kilikatika, aliona kwa nyuso zao. Nathanieli alikuwa ameshateremka, amesimama mbali, kofia mkononi. Midomo yake ikacheza, na wote uani wakasikia isipokuwa mmoja.

"Niambie mimi," Kristofa alisema. "Kwa nguvu."

Kijana akatikisa kichwa, hapana.

"Nakuagiza!"

Nathanieli alivuta pumzi. "BADO LINALIA, BABA!" Sauti ilimpasuka. "Linalia kama mbu! Nikikanyaga mafuta linazidi! NILIKUAMBIA!"

Bi Mwanamisi aliziba mdomo kwa kanga. Mtu kumfokea baba mkwe, mchana, mbele ya watu: hilo hakuna aliyepata kuliona pale, na watu wazima wawili waligeukia ukutani kwa aibu. Lakini Kristofa alilisikia kila neno.

Alimwaga oili palepale, ndani ya karai. Ilitoka nyeusi, imejaa vumbi la chuma linalometameta, na mwisho vikadondoka vipande viwili vya jino la difu, kila kimoja kama punje ya hindi. Bwana Sheshe aliviweka kiganjani, akavitazama, akawatazama wale wanawake juu ya magunia. Akawaambia wateremke. Baadaye alichukua karatasi ya Jumatatu, akakata sahihi ya Kristofa kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika kwamba kuanzia leo magari ya ushirika yatakaguliwa na fundi mwingine. Hakuandika kwa ubaya. Alimpa aisome, naye Kristofa akaisoma yote, akairudisha.

Watu walitawanyika. Kristofa alibaki chini kando ya karai, mikono imejaa oili. Nathanieli alikuwa bado yupo, amerudi kwenye hatua zake tatu, macho chini. Midomo yake ilicheza.

Kichwa cha Kristofa kilianza kutikisika chenyewe, kwa mazoea. Akakizuia.

"Sikusikia," alisema.

Kijana alisita. Kisha akazivuka zile hatua tatu, akapiga magoti penye oili, akamshika mzee bega kama asivyopaswa mkwe kumshika mkwe, na kuuweka mdomo wake sikioni kwake.

"Nisamehe, baba," alisema kwa sauti kubwa.

"Rudia," Kristofa alisema, naye akarudia.