Kahawa ya Tata Mjini Napoli

Mwaka 1950, Mwaka Mtakatifu, parokia yetu ilinichagua mimi, Deodatha binti Muhangi, mwalimu wa shule ya misheni, niende kuhiji Roma. Kijiji chetu kizima cha Ihembe kilinung'unika, na aliyeongoza ni shangazi yangu Kokwijuka. Mwanamke! Tena hana hata mume! Nilifunga sanduku langu.

Asubuhi ya kuondoka, baba, ambaye kwetu humwita Tata, alinipa kikapu kidogo chenye kifuniko, kimejaa kahawa ya kutafuna. Aliichemsha na kuianika mwenyewe hadi ikawa nyeusi, imekunjamana.

"Ukifika kwa watu, wape watafune," alisema. "Hatupiti kwenye miji ya wenzetu kimyakimya kama wezi. Hata mmoja akitafuna, tumepokewa. Ukinirudishia kahawa yangu, nitajua wametukataa."

"Tata, Ulaya ni kubwa."

"Ndiyo maana nimekijaza."

Basi nikazunguka na kikapu. Aleksandria, meli ilipotia nanga, nilimkaribisha mwenye mkahawa mmoja. Alinusa, akacheka, akanirudishia. Venisi, mji uliojengwa majini, ambako watu huenda sokoni kwa mtumbwi, msimamizi wa hoteli alidhani ni dawa za kienyeji, akaenda kunawa mikono. Florensi, kijana aliyetutembeza sisi mahujaji alipokea punje chache kwa adabu, akazitia mfukoni. Mfukoni! Tulipomaliza kutazama milango ya shaba ya kanisa lao, nikazikuta zimetupwa kwenye ngazi. Niliziokota zote mbele za watu, nikazifuta kwa kitambaa changu, nikazirudisha kikapuni.

Sitadanganya, miji ile ni mizuri. Roma nilisimama chini ya kuba la Mtakatifu Petro, nikatazama juu mpaka shingo ikauma, machozi yakanitoka. Padri Cassian, kiongozi wetu, aliniuliza kama nimeguswa na utukufu wa mahali pale. Nilikuwa nimeguswa, ndiyo. Lakini nililia pia kwa ajili ya kikapu. Ningemwambia nini Tata? Kwamba nimeona makaburi ya mitume, ila katika walio hai hakuna aliyenipokea?

Mji wa mwisho ulikuwa Napoli, ambako meli ya kurudi ilitungoja. Katika kichochoro kimoja, chini ya nguo zilizoanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni pake akichambua maharage, ungo mapajani, kama mama zetu wa Ihembe. Nilipiga magoti, nikamwamkia kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, nikafunua kifuniko.

Uso wake ukachangamka kama aliyeona kitu cha kwao. Akachota, akatia mdomoni, akauma kwa nguvu. Jino likagonga! Akanikodolea macho. Nikatafuna yangu polepole, nikimwonyesha. Bibi akacheka mpaka maharage yakamwagika, kisha naye akatafuna, akatema maganda, akachukua nyingine. Akawaita majirani kwa sauti ya kuamsha mji. Walikuja, wakatafuna, wakakunja nyuso, wakaomba tena, mpaka kikapu kikabaki kitupu.

Nilipoinuka kuaga, alininyang'anya kikapu, akaingia nacho ndani. Alikirudisha kimejaa.

Nilipofika nyumbani, Tata alikuwa uani na jamaa wote. Nilimpa kikapu kwa mikono miwili. Alihisi uzito wake, akafunua. Ndani mlikuwa na vitu vyeusi, vimekunjamana.

Uso ukamshuka. Shangazi akaguna. "Si nilisema?"

"Hata mmoja, mwanangu?" Tata aliuliza taratibu.

"Tafuna, Tata."

Alitafuna kwa kunitii tu. Mara taya zikasimama. Mafuta yalimtoka pembeni mwa mdomo, akatoa kokwa, akaigeuzageuza kiganjani.

"Hii si kahawa."

"Ni zeituni, Tata, zile tunazozisikia kwenye Injili. Bibi mmoja wa Napoli hakutaka kikapu chako kirudi kitupu. Kahawa yako kichochoro kizima waliimaliza."

Nilijivuna, na sioni haya kusema hivyo. Tata alisimama, akaanza kugawa kama anavyogawa kahawa kwa wageni, na wa kwanza kumfikia alikuwa shangazi.

"Tafuneni," alisema, na sauti yake ilifika barabarani. "Binti yangu amepokewa!"

Shangazi alikunja uso kwa ule uchungu wa zeituni, lakini hakuthubutu kutema.