Kesi ya Mungu wa Mvua

Makaa yalikuwa yameshakolea Mama Mbambu alipomwamuru Stanislas atupe miungu yake yote minne motoni, mmoja mmoja, kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa mkono wake mwenyewe: hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kikundi cha maombi alichokiongoza Mama Mbambu. Kitu cha pepo akikichoma mtu mwingine, pepo humfuata mpaka nyumbani, na kati ya akina mama kumi na wawili waliosimama uani hakuna aliyekuwa na nafasi ya mgeni.

Stanislas alikuwa fundi wa majeneza katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa mjini Lubumbashi. Kwa miaka mitatu, kwa vipande vya mbao vilivyobaki baada ya marehemu kupata haki zao, alichonga mchezo: ubao mmoja, mataifa manne, kila taifa na mungu wake wa kuliongoza vitani. Shaba, Reli, Mchwa na Mvua. Mchezo huo ulikuwa mmoja tu duniani, na kesho asubuhi mtengenezaji wa michezo kutoka Lusaka angekuja kuutazama. Kwa bahati mbaya Stanislas alicheza peke yake, na anayecheza peke yake huongea. Mkewe, Angélique, alimsikia karakanani akisema, "Mungu wa Mvua, leo ninakuua," akalipeleka neno hilo kikundini. Novemba ilikuwa inaisha bila tone, na mahindi ya barabara ya Kipushi yalikuwa yamejikunja. Ushahidi ulikuwa kamili.

Stanislas alieleza mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyekubali kwamba mtu wa majeneza anaweza kuwa na mchezo. Mwishowe alipiga magoti kwenye vumbi la mbao.

"Mama, tucheze mara moja tu. Ukiona bulozi mule, uchawi wowote, mitabitupa miye mwenyewe."

Mama Mbambu, muuza unga wa jumla kutoka Butembo, hakuwahi kukimbia ushindani tangu azaliwe. Aliketi juu ya jeneza lisilo na mwenyewe bado, akakataa kugusa chochote, akawa anaonyesha kwa mwavuli wake mahali pa Stanislas kumsogezea askari wake. Alichagua taifa la Mvua.

"Ule ulifunga, njo ule nitafungua," alisema: mvua iliyofungwa na fundi, yeye ndiye angeifungua.

Stanislas alichukua Reli. Zamu ya tatu ndipo alipoliona shimo alilojichimbia. Akimshinda, atakuwa ameua mvua mbele ya mashahidi kumi na wawili. Akishindwa, basi kile kipande cha mbao kina nguvu kweli, na chenye nguvu huchomwa. Katika daftari lake alikuwa ameandika sheria za ukame, za uasi, hata za ndoa za miungu. Sheria ya sare hakuiandika.

Basi akacheza kama mtu aliyebeba beseni lililojaa. Treni moja kushoto, treni ileile kulia. Jasho lilimdondoka ubaoni, juu ya jangwa.

"Papa Stani, unanihurumia?"

"Hapana, Mama."

"Basi pigana."

Ikabidi apigane. Reli ikashuka kutoka kaskazini, ikaziba mabonde mawili. Mwavuli ukaonyesha kilima. Stanislas akampandisha Mungu wa Mvua kileleni, kama alivyoamriwa, na palepale kila mtu akaona mtego. Maana akina mama walikuwa wamesogea. Mmoja alinung'unika kwamba yeye alishasema mapema, wapite mtoni. Mwingine akambishia kwamba mtoni pana mchwa.

Mama Mbambu aliinama juu ya ubao.

"Rudisha," alisema polepole. "Sikuona ile Reli."

Kwa sheria, mungu harudi nyuma. Stanislas alimnyanyua kwa vidole viwili, akabaki naye hewani. Nyuma yake mtu aliongeza makaa. Angélique, ambaye tangu asubuhi hakumtazama mumewe usoni, alitoka mlangoni, akapenya kati ya wenzake na kuinama.

"Mutoni," alisema.

Stanislas hakujua kama mkewe anamwokoa yeye au Mvua. Alimpeleka mungu juu ya mto, na kivuli cha mkono wake kikaufunika wote.