Darasani Hakuna Mama

Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimefunga kamba za viatu kumi na saba, nimeamua kesi ya nani kamlamba nani, na nimetoa shanga puani mwa Profesa. Profesa ana miaka minne. Jina hilo alilipata kwa wingi wa maswali, si kwa akili, maana mwenye akili haweki shanga puani mara mbili kwa wiki moja.

Hayo yote nayaweza. Kilichonishinda ni kuitwa mama.

Binti yangu, Kidoti, yumo darasani kwangu. Shule humpokea mtoto mmoja wa kila mwalimu, nami sina pengine pa kumwacha mchana. Siku ya kwanza aliniita mama, kama kawaida yake. Watoto nao ni kasuku: kufikia Ijumaa, wote ishirini na wanane walikuwa wananiita mama. Mama, kanisukuma. Mama, nimemaliza, njoo unitawaze. Nilicheka tu, nikidhani hakuna ubaya.

Jumatatu mama yake Profesa akaja amevimba kama andazi.

"Mwalimu, mimi nimebeba mimba miezi tisa. Jana mwanangu kaniuliza kama na mimi ni mama!"

"Mzazi wangu, hao ni watoto tu..."

"Watoto wanafundishwa!"

Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa shule. Mkuu hapendi kelele za wazazi, na dawa yake ya kelele ni kumkandamiza mwalimu. Akaniita ofisini, wala hakuniambia nikae.

"Darasani hakuna mama, kuna mwalimu. Nakupa wiki mbili. Mwanao akiendelea, mtafutie shule nyingine."

Damu ilinichemka, lakini nilisema "Sawa, Mkuu," maana shule nyingine ya kumpokea siijui. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema lolote kuhusu anayefunzwa na mamaye kisha akakatazwa kumwita.

Basi nikamfundisha Kidoti kwa njia ninayofundishia kila kitu. Akiniita mwalimu, nambandika nyota ya karatasi mkononi. Akiniita mama, sigeuki. Siku za mwanzo alinivuta sketi na kuniita mpaka sauti ikamkauka, nami naendelea kukata karatasi za rangi kama kiziwi. Niliona aibu. Nikamweleza kwa upole kwamba akisema mama, Mkuu atamhamisha, naye hatakuwa na mimi tena mchana. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama nyota zake atahama nazo.

Siku ya kumi mkono wake ulikuwa umejaa nyota mpaka kwenye kiwiko. Darasa zima likamfuata, kama lilivyomfuata mwanzo. Mama yake Profesa akanisalimia kwa tabasamu, na Mkuu akanisifu mbele ya walimu wenzangu. Nilitamani kumtupia ndoo ya rangi.

Alhamisi, watoto wakiwa uwanjani, nilikuwa nimeinama namvalisha mmoja kiatu niliposikia kishindo kwenye bembea. Kisha kimya. Mtoto akianguka akalia, unajua yuko salama. Kimya ndicho kinachokata maini.

Nilipogeuka nikamwona Kidoti amekaa mchangani, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, damu inampita katikati ya vidole. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Nikakimbia, nikamwondoa mikono. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka kidogo tu. Meno yote yalikuwapo.

"Kwa nini umeziba mdomo? Unaumwa sana?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa kwa nini hukuniita?"

"Lile neno lilitaka kutoka," akasema kwa kwikwi. "Nikalizuia."

Nikamkumbatia, damu na mchanga na vyote. Mkuu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni pa ofisi, na watoto wote walikuwa wametuzunguka. Nilikuwa nimechoka na Mkuu, nimechoka na nyota zangu za karatasi, na zaidi nimechoka na mimi mwenyewe.

"Niite mama," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi ofisini. "Lia, uniite mama!"

Kidoti akanitazama. Akamtazama Mkuu. Kisha akauziba tena mdomo wake.