Roho ya Rundo

Mashine ilipofika kwenye kiwanda chetu cha kahawa Bukoba, tulikuwa wapanga magunia kumi na wawili, na meneja akatuambia kwamba atabaki mmoja. Hakusema kwa ukali. Bwana Najibu ni mpole wa maneno, na mtu mpole akikuambia jambo baya unakosa hata pa kumshikia. Alieleza kwamba mashine itapanga magunia juu ya paleti, itayabana, itayazungushia nailoni, na itahitaji mtu mmoja tu wa kusimama kando na kuyaangalia yanavyoingia. Anayeitaka nafasi hiyo aandike barua.

Wenzangu waliomba waandikiwe. Mimi niliandika kwa mkono wangu, ukurasa mmoja na nusu, bila kufuta mahali. Nilianza shule nikiwa na miaka ishirini na minane, darasa la jioni pale Buhembe, vumbi la kahawa likiwa bado kwenye nyusi, na tangu nilipomaliza sijamwomba mtu aniandikie kitu. Nilisema katika barua kwamba nimepanga magunia miaka thelathini na mmoja, kwamba rundo langu halijaanguka hata siku moja, na kwamba gunia lenye unyevu nalijua kwa bega na kwa sikio kabla kipimo hakijatolewa kwenye mfuko wake. Kahawa ya maganda iliyokauka, ukiangusha gunia, inacheka. Isiyokauka inaguna.

Bwana Najibu aliisoma mbele ya wote.

"Mzee Buberwa, barua hii ingekuwa ya mtu mwingine ningesema anajisifu."

"Sijisifu. Ninaeleza."

"Mpe nafasi, meneja," akasema Karugendo. Huyu ni mtu kutoka kijiji cha Kimwani, tumeshika magunia pamoja miaka ishirini, yeye ncha ile na mimi ncha hii, na hata msibani hakosi la kusema. "Usipompa ataandika nyingine, na hiyo itakuwa ya kurasa nne. Utaisoma wewe."

Wakacheka, nami nikapewa, kwa majaribio ya msimu mmoja. Kumi waliondoka Ijumaa ile ile. Karugendo alipewa ufagio wa uani, akaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo.

Sikuitaka kazi ile kwa sababu ya njaa. Nina kibanja kijijini kwetu Ijumbi, migomba na mibuni, na mtu mwenye kibanja hafi. Niliitaka kwa sababu sikuweza kujiona nikishuka kwenye basi na sanduku langu, watu wakiuliza kwa sauti ya huruma, "Wamekutoa?" Nilitaka siku ya kuondoka niichague mwenyewe. Basi.

Mashine yenyewe sitaisema vibaya kuliko inavyostahili. Magunia yanapanda juu ya mkanda mmoja mmoja, mkono wa chuma unayalaza matatu hivi na mawili vile, safu inayofuata unageuza, kama fundi anavyofunga matofali, jambo ambalo sisi tulilifanya kabla aliyeiunda hajazaliwa. Kila baada ya safu mbili bamba zito linashuka kutoka juu na kuyabana hadi yalale sawasawa. Kisha linapanda, na jicho dogo la taa linapima kama rundo limesimama wima. Likiinama upande, taa nyekundu inawaka na kila kitu kinasimama. Karugendo aliiita Mkwe. "Haiguswi," alisema, "haipitwi karibu, na ikikohoa sote tunasimama."

Aliyeiendesha aliitwa Sumaiya, binti wa mjini, wa miaka kama thelathini, aliyesomea ufundi Mwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mimi ni Mzee Buberwa."

"Ndiyo, babu."

Nilidhani tutagombana. Lakini juma la pili alizima mkanda akaniomba nimfundishe kusikiliza. Nikamwangushia magunia kumi. Akakosea tisa.

"Babu, unanichezea. Yote yanasema bu!"

"Haya matatu yamesema chwaa."

"Chwaa iko wapi? Labda iko Ijumbi."

Nilicheka, jambo ambalo sikuwa nimekusudia kulifanya ndani ya ghala lile.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliandika katika barua.

Zamani lori la chama cha msingi cha wakulima lilipofika, sisi tulishusha na kupanga kwanza, kisha mpimaji akaja na bambo lake. Alilichoma kwenye magunia ya pembeni, yale yanayofikika, akatoa punje, akazitia kwenye kipimo, akaandika. Magunia ya katikati hakuyafikia. Katikati pale tulipaita roho ya rundo. Na kila mpangaji alijua lori la kwao. Gunia likiguna begani mwangu, na ni la Ijumbi, nililipeleka rohoni. Karugendo alifanya hivyo kwa Kimwani, na wengine kwa kwao. Hatukuambizana. Ijumbi mvua haina adabu, unaanika asubuhi mchana unakimbilia mikeka, na kuna watu wana ada za shule zisizongoja jua. Niliuona ni msaada, wala sikuwahi kuungama kwa padri kwa sababu sikuona cha kuungama. Kahawa yote ilikobolewa pamoja, unyevu ukagawana, na daraja likishuka lilishuka kwa vyama vyote, hata kwa wale waliokausha kwa uaminifu. Hilo nilijua pia. Ninaliandika sasa kwa sababu wakati ule nilikuwa nalipita kama mtu anavyopita kaburi la jirani.

Mashine haina roho ya rundo. Kila safu mbili inabana na kupima, na gunia laini la maji, hata likiwa katikati, linazama na kuinamisha rundo. Nililiona hilo siku ya kwanza, na siku ya pili nikampigia simu mdogo wangu Datius, karani wa chama chetu cha Ijumbi.

"Mwaka huu kausheni kweli," nikamwambia. "Kuna mashine."

"Tumesikia. Na tumesikia ni wewe uliyebaki." Nikasikia watu nyuma yake wakishangilia. "Kaka, hapa watu wamefurahi! Wamesema wote wakitolewa sawa tu, maadamu Buberwa yupo."

"Datius, sikiliza. Mashine haipitishi."

"Mashine inasimamiwa na nani?"

"Na mimi, lakini..."

"Haya. Lakini ya nini?"

Ningepaswa kupanda basi siku ile ile. Sikupanda. Ukweli ni kwamba kelele zile za furaha ziliniingia. Mtu aliyekaa mjini miaka yote akipanga mizigo ya wengine, mara anasikia kijiji kizima kinalitaja jina lake, ulimi unakuwa mzito.

Lori la Ijumbi lilifika Jumatano, saa nne asubuhi. Magunia mia moja na sitini. Matatu ya kwanza yalicheka. La nne likaguna. La tano, la sita, la tisa. Sijawahi kusikia mzigo wa kwetu ukiwa hivyo. Walikuwa wameanika siku mbili wakafunga, kwa kuwa mimi nipo.

Nikafanya upumbavu. Nilianza kuyavuta yale yenye maji kutoka kwenye mkanda na kuyaweka kando, nikihesabu safu, nikiyarudisha pale nilipodhani mkono wa chuma utayalaza katikati. Sumaiya alinitazama. Safu ya kwanza na ya pili zikapita. Bamba likashuka, likapanda, rundo likasimama. Nikapumua. Safu ya tatu na ya nne: bamba likashuka, na mahali nilipoyaweka yale magunia pakazama kama godoro la mgonjwa. Rundo likainama. Taa nyekundu.

Tukalipangua, tukaanza upya. Taa nyekundu. Mara ya tatu gunia moja lilipasuka mshono chini ya bamba, na kilichotoka hakikumwagika. Kilibaki kimeshikana, cheusi, kikitoa harufu ya pombe changa. Sumaiya akachukua konzi moja, akaifinya, akafungua kiganja. Ilibaki na umbo la vidole vyake.

"Babu," akasema polepole, "haya hukuyasikia?"

Alikuwa ameuliza kwa wasiwasi, kana kwamba mimi ni mgonjwa.

Bwana Najibu aliitwa. Alikuja na mpimaji na bambo, wakachoma magunia ishirini, kumi na mawili yakakataa. Wakati wakimalizia kuchoma, Karugendo alifagia akisogea hadi akafika kisigino changu. Akanong'ona bila kuinua kichwa.

"Sema masikio yamezeeka."

"Nini?"

"Sema hukusikia. Mzee wa miaka hamsini na minane, mashine inapiga kelele, nani atakufunga kwa uziwi? Watalirudisha lile lililopasuka na haya kumi na mawili. Mengine watapokea. Wewe utapewa ufagio, tutafagia wote. Buberwa, waitu, ndugu yangu, neno moja tu."

Alikuwa sahihi. Nimepita katika maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara ninakuta alikuwa sahihi.

Bwana Najibu akanigeukia. Barua yangu hakuwa nayo, lakini aliikumbuka.

"Mzee, uliniandikia kwamba gunia la unyevu unalijua kabla ya kipimo. Nikakuamini, nikawaacha watu kumi waende. Haya yamepita mikononi mwako. Je, hukujua?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Niliona kabisa kwamba ananifungulia. Sumaiya alikuwa amesimama nyuma yake, madereva wawili mlangoni, mpimaji na daftari lake, kijana wa watu aliyekuwa akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye siku zote alishuku kwamba mambo ya sikio na bega ni hadithi za wazee.

"Nilijua," nikasema. "Tangu gunia la nne."

Karugendo akaacha kufagia.

"Ulijua?"

"Bwana Najibu, miaka thelathini na mmoja sijabeba gunia nisilolijua."

Ndipo nilipojifunga, kwa kuwa Bwana Najibu ni mpole lakini si mjinga. Aliisogelea ile sentensi taratibu.

"Kwa hiyo na miaka iliyopita ulijua."

"Nilijua."

"Na yalikwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole sehemu ya sakafu ambapo marundo yetu yalikuwa yakisimama. "Katikati," nikasema.

Hakupiga kelele. Alitazama ile sakafu tupu. "Ningekuwekea kazi nyingine," akasema, "kama ungekuwa umezeeka tu." Kisha akaagiza lori lote la Ijumbi lirudi, magunia yenye maji na makavu, na chama cha Ijumbi kipimwe gunia kwa gunia msimu mzima, kwa kipimo cha unyevu ambacho watakinunua wenyewe. Kimwani hakuigusa. Karugendo alikuwa bado ameinama juu ya ufagio wake, na mimi sikumtaja. Hilo nalo ningeweza kujisifia, lakini limebaki dogo.

Sumaiya alinisindikiza hadi getini. "Babu, kwa nini hukusema hukujua?"

"Kwa sababu nilijua."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Nilishuka Ijumbi kwa lori lile lile, nimekaa juu ya mzigo. Datius alikuwa barabarani na wazee wa chama. Aliziona sura za madereva akajua kabla sijashuka. Nikamweleza yote, sikupunguza. Alinisikiliza hadi mwisho, mdogo wangu, niliyemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti mchangani.

"Ungesema hujui."

"Mimi? Niseme sijui gunia?"

"Ndiyo, wewe. Ungekuwa nani ukisema? Ungepungukiwa nini, sikio?"

"Ninyi ndio mlioleta maji! Nilikuambia kausheni."

"Tulileta, ndiyo. Makosa yetu hayo, tutayabeba. Lakini gunia la Anatolia lilikuwa kavu. La mjane, kaka. Amegeuza kahawa ile wiki mbili, peke yake. Limerudi na yetu, kwa sababu wewe mbele ya madereva hukutaka kuonekana kiziwi."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu mengi, kwa mpangilio mzuri. Wazee wakaanza kushusha magunia, na nilipoinama kushika moja, mmoja wao akaniambia kwa heshima kabisa, "Acha tu, mzee, pumzika," akashika yeye.

Sasa ni majuma sita. Kahawa yote imemwagwa upya kwenye mikeka na maturubai kando ya ofisi ya chama, mvua imeilowesha tena hata ile iliyokuwa kavu, na wanaoigeuza wanakuja kwa zamu. Hakuna aliyenifukuza. Ninakuja kila siku na reki yangu, ninapewa salamu zote zinazostahili umri wangu, ninapewa hata kiti. Wanaume wakikaa kuzungumza mambo ya mzigo, mazungumzo yanapungua nikifika, kisha yanahamia kwenye mpira.

Jana Anatolia alitaka kufunga gunia lake. Alilijaza, akalitikisa karibu na miguu yangu, hatua mbili tu kutoka kiti changu, na mimi nikalisikia vizuri sana. Alisimama kidogo, mkono kiunoni. Nikadhani ataniuliza. Kisha akaita, "Datius, leta kile kipimo!"

Datius akaja nacho, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Wakakitia punje, wakakiinamia wote wawili, wakasubiri namba. Kumi na tano. Bado siku mbili za jua.

Nilijua kabla hawajakiwasha. Nikaendelea kugeuza kahawa.