Kichwa cha Kujifunzia

Mukakarangwa alikuwa na siri chini ya kilemba, na siri hiyo alikuwa ameilea miaka miwili bila hata binti yake kuijua. Nywele zake zilikuwa zinakwisha. Zilianza kurudi nyuma juu ya masikio, zikafuata za kwenye paji, mpaka zikabaki za utosini peke yake. Kwa mwanamke mwingine wa umri wake lingekuwa jambo dogo. Lakini huyu alikuwa mama wa Teta, na Teta ndiye msusi anayesifiwa kuliko wote katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi.

Tena Teta alijifunzia ususi kichwani mwa mama huyo huyo. Tangu ana miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi baada ya kufua, mama aliketi kwenye mkeka, akaweka kichwa kati ya magoti ya mtoto, na mtoto akavuta. "Kaza, mwanangu," mama alikuwa akimwambia huku machozi yanamtoka. "Musuko ikilegea, muteja harudi." Miaka kumi ya kukaza! Leo vidole vile ndivyo vinavyolisha nyumba, na Mukakarangwa alijua vizuri kabisa upara wake umetoka wapi. Angemwambiaje? Akajifunga kilemba, akasema ni kwa ajili ya maombi, akakataa kusukwa. Teta aliumia moyoni. Alidhani mama amekuwa mlokole wa kuiona kazi yake ni ya dunia, na mama akamwacha adhani hivyo. Upendo nao una ujinga wake.

Dawa aliletewa na Gertrude, rafiki yake wa kwaya anayeuza vitambaa mjini, mtaa wa Kawale. Ilikuwa dawa ya maji ya kupaka, na ilikuwa dawa ya kweli, si ya matapeli. Ila Gertrude ni mtu wa kugawa. Alimimina nusu ya chupa yake ndani ya kichupa cha mafuta ya nazi, kila kikiisha akamjazia tena, na ile karatasi ya maelekezo ikabaki Kawale. Basi Mukakarangwa akaitumia kama mafuta: kiganja kizima kila jioni, anafunga kichwa kwa kitenge, analala.

Na kitenge kilikuwa hicho kimoja. Usiku kilifunga kichwa, mchana kilimbeba mgongoni Irakiza, mtoto wa Teta, wa miezi tisa. Mtoto akishanyonya jioni alihamia kwa bibi yake, akalala shavu limegandana na kichwa chake hadi asubuhi.

Mwezi wa tatu wa kupaka, nywele ziliota kweli. Ziliota kwa Irakiza. Zilimtoka kwenye paji, mashavuni na mgongoni, vinywele vyeusi laini ambavyo hakuzaliwa navyo. Majirani hawakuchelewa. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema damu yake imeharibika. Teta aliacha kula. Alipoandikiwa karatasi zahanatini ya kumpeleka hospitali ya Likuni kwa daktari wa watoto, aliifunua na kuikunja mpaka ikachanika pembeni. Mukakarangwa naye alikuwa hajui lolote, na hilo tumwamini, angejua, asingelala.

Daktari wa Likuni alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alizungumza Chichewa, lugha ya Wamalawi, na Teta, aliyekulia Dzaleka, akawa anamtafsiria mama yake. Daktari alimgeuza mtoto huku na huku, akasikiliza moyo wake, akauliza hili na lile.

"Anauliza kama ku nyumba kuko mutu anapakaa dawa ya kuotesha nywele," Teta alisema. Kabla mama hajafungua kinywa, alikwisha kumgeukia daktari. "Ayi, palibe."

Hakuna. Daktari akaandika. Alitaja vipimo vya damu, na muuguzi akaanza kuutafuta mshipa kwenye kimkono cha Irakiza.

Mukakarangwa sasa alielewa. Alielewa pia kwamba angeweza kunyamaza, akaimwaga dawa chooni, na mtoto akapona bila mtu kujua. Wazo hilo lilimjia, hatuwezi kumpamba. Lakini Irakiza aliiona sindano akalia, akamnyooshea mikono bibi yake.

"Acheni," alisema. "Teta, mwambie ni miye."

Akafungua kilemba.

Teta alikitazama kichwa kile. Daktari ndiye aliyesogea, akauliza taratibu: alipaka kiasi gani, saa ngapi, mtoto alilala wapi, na je, moyo wake mwenyewe ulikuwa ukienda mbio? Ulikuwa ukienda mbio, naam. Yeye alidhani ni hofu tu. Daktari akampima presha, akaridhika, kisha akaeleza kwa kirefu, na Teta akatafsiri huku macho yako sakafuni.

"Anasema mutoto hana bugonjwa. Dawa njo ilihamia kwake, ku kitenge na ku kichwa yako. Isipomugusa tena, nywele zitaanguka zenyewe, pengine myezi mitatu, mine. Watakuwa wanamuangalia moyo kila mwezi. Anasema dawa yenyewe si mubaya. Ulikosa namna tu. Upumuzike kwanza mpaka arudie kukupima. Kisha ununue chupa yenye kipimo yake. Kipimo kimoja, ku ngozi kavu, haupite. Unanawa mikono. Unaacha inakauka masaa ine mbele ya kulala ao kushika mutoto. Kitenge yako peke, muto yako peke. Moyo ikipiga mbio, unaacha na unakuja. Na miye nikiwa nanyonyesha, nisiiguse."

Kisha daktari aligusa ngozi ya juu ya sikio, palipokuwa patupu kabisa, akasema sentensi moja fupi. Teta hakuitafsiri.

Haikuhitaji tafsiri. Mukakarangwa alikuwa ameuzia Wamalawi nyanya miaka kumi na minane, na Chichewa cha kutosha alikuwa nacho. Kusuka kwa kukaza, daktari alisema, miaka mingi.

"Mwambie ni uzee," alisema haraka.

Teta hakumwambia.

Walitoka nje, Teta mbele na mtoto mikononi, mama nyuma na kile kitenge kimeviringishwa mfukoni. Mgongo wake ulikuwa mtupu, na kila hatua aliusikia utupu huo. Pale kwenye bomba wanapooshea vyombo ndugu za wagonjwa, Teta alisimama, akamkabidhi mtoto mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha sufuria, kwa dakika chache, akaomba kipande cha sabuni.

"Inama, mama."

Akamwosha kichwa mbele za watu. Maji yalikuwa baridi.

"Miaka mbili," Teta alisema. "Nilizani unakataa mikono yangu."

"Niliogopa utaikataa we mwenyewe."

Mikono ilisimama. Mukakarangwa alimsikia binti yake analia. Kisha vidole vikarudi kichwani, polepole, kwa wepesi ambao kichwa kile hakikuwahi kuuona.

"Kuko tunywele tupya hapa," Teta alisema baada ya muda. "Tudogo."

"Nitaiacha hiyo dawa, mwanangu."

"Hautaiacha. Nikimaliza kunyonyesha, mi njo nitakupakaa. Na vidole hivi vitanawa."

"Na mutoto? Atalala wapi?"

"Kwangu."

Mukakarangwa aliitikia kwa kichwa. Hakuona haki ya kudai zaidi. Alitaka kuinuka, lakini mkono wa Teta ukamzuia begani. Teta alimkausha shingo na kichwa kwa shali yake, akafungua kitenge chake mwenyewe alichojifunga juu ya sketi, akamchukua Irakiza kutoka kwa yule mwanamke, akamlaza juu ya mgongo ulioinama na kumzungushia nguo.

"Kulala, atalala kwangu," alisema akivuta ncha kifuani mwa mama yake. "Lakini kubebwa, huyu hajue mugongo ingine."