Pembe Iliyovunjika Mezani kwa Verlin

Nilivunja mpini wa bastola ya marehemu baba mbele ya watu zaidi ya mia, asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu. Wanaosema nilikuwa nimelewa wananionea huruma bure.

Mpini wenyewe ulikuwa wa pembe ya kulungu, vipande viwili, kimoja kila upande, vimebanwa kwa skrubu moja. Pembe ya zamani, rangi ya chai iliyokolea, imelainika pale kiganja cha baba kilipokaa miaka arobaini. Sisi wa Oklahoma tunaokusanya bastola za kale, tukiona pembe kama ile tunavua kofia.

Baba alipofariki, Verlin, mdogo wangu, aliichukua. Alisema kapewa. Mimi ndiye mkubwa, nikamwita mwizi palepale makaburini. Tangu siku hiyo hatukusemezana miaka tisa.

Katika miaka hiyo tisa nilikusanya bastola ishirini na saba za namna ile, zote za silinda inayozunguka, zote za mpini wa pembe. Niliuza trekta kwa ajili ya mbili kati ya hizo. Mke wangu Nadine alisimama mbele ya kabati siku moja akasema, "Jaza utakavyo, Odell. Ile moja haimo."

Nilikuwa na sababu ya kuamini ni yangu. Baba alifuata desturi ya mafundi wa zamani: aliandika kwa penseli upande wa ndani wa pembe, pasipoonekana. Mwaka mmoja kabla hajafa aliniambia, "Jina la atakayeirithi nimeshaliandika mle ndani." Nikajua ni langu. Nani mwingine?

Mwezi wa nne, kwenye maonyesho yetu ya kila mwaka katika ukumbi wa mnada wa ng'ombe, nikamkuta Verlin na meza. Hakuwahi kuja kabla. Bastola ya baba ilikuwa juu ya kitambaa cha kijani, kadi pembeni: HAIUZWI. Watu wamejipanga kuitazama. Nikawapita wote.

"Hujambo, mwizi."

"Sijambo, Odell. Naona umenenepa. Kumbe kinyongo kina mafuta."

Jirani wa meza ya pili akacheka hadi kahawa ikamwagikia suruali. Mimi sikucheka.

"Fungua pembe tusome."

"Sifungui."

"Unaogopa nini kama wewe si mwongo?"

"Naogopa mikono yako. Pembe imekauka, imeng'ang'ania chuma. Ukiilazimisha itapasuka. Hilo unalijua kuliko mimi."

"Basi jina lako halimo."

"Sijui lililomo, sijawahi kuangalia. Baba aliniambia chukua, nikachukua. Nilikague neno la baba kwa bisibisi?"

"Maneno matamu hayo. Umeyakariri kwa miaka mingapi?"

"Nenda zako, Odell. Ungali unanuka wale ng'ombe uliowauza."

Hapo akawa amenigusa kidonda, kwa kuwa ng'ombe wa baba niliwachukua mimi, nikawauza kweli, wote, mwaka wa ukame, na kwa bei ya aibu.

Mzee Stribling, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji, akaja akichechemea. Yeye na baba walichunga pamoja ujanani. "Odell, sheria unaijua. Bastola iliyo kwenye meza ya mtu haiguswi bila ruhusa."

"Hii si ya mtu, mzee. Ni yangu."

"Rudi kwenye meza yako kabla sijakuswaga nje kama ndama."

Nikaichukua bastola. Bisibisi ninayo mfukoni siku zote.

Njia ya kufungua mpini wa pembe ni moja, na nimewafundisha wengi. Unalegeza skrubu mizunguko michache tu, huitoi. Kisha unasukuma kichwa chake kwa kidole gumba, taratibu, na kipande cha upande wa pili kinabanduka chenyewe. Kamwe huingizi chuma ukingoni ukachokonoa. Anayechokonoa tunamwita mchinjaji.

Nililegeza. Nilisukuma. Hakikutoka. Verlin akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Kaka, tafadhali," na nadhani ni hilo neno kaka lililonitia wazimu, kulisikia baada ya miaka tisa wakati analihitaji. Nikapenyeza ncha ya bisibisi ukingoni, nikachokonoa.

Ilipasuka kwa mlio kama mfupa wa kuku. Vipande vitatu vikaangukia kitambaa cha kijani.

Nikageuza kikubwa. Upande wa ndani mweupe, herufi kubwa za baba, zile alizoandika akibana penseli kama msumari:

YA VERLIN. NG'OMBE NI WA ODELL.

Niliisoma mara mbili. Mzee Stribling aliisoma juu ya bega langu, kwa sauti, maana macho yake hayaoni bila mdomo. Kwa hiyo ukumbi wote ukasikia.

Verlin hakupiga kelele. Alivua kofia, akaokota vipande kimoja kimoja na kuvitia ndani yake, hata chembe ndogo, akilowesha kidole ili zishike.

"Chagua mpini wowote kwangu," nikasema. "Ninayo ishirini na saba. Chukua hata kumi."

"Pembe hukatwa kufuata bastola yake. Ya bastola nyingine haitakaa hapa. Wewe ndiye bingwa, nikufundishe?"

"Verlin."

"Ulitaka kusoma, umesoma. Nenda nyumbani."

Mzee Stribling akanyoosha mkono. Sikumwuliza anataka nini. Nikafungua pini kifuani, nikampa beji ya chama.

Nadine alinikuta jikoni, bisibisi iko mezani mbele yangu. Aliuliza imekuwaje, nikamhesabia nilivyopoteza.

Pembe ya baba, upande mmoja, vipande vitatu. Beji niliyoivaa miaka kumi na tisa. Trekta. Ndugu mmoja, na sikuzaliwa na wawili.