Mirija ya Kioo

Kukaa na wifi nyumba moja ni mtihani. Kufanya naye kazi chumba kimoja, mkigombania beseni moja la kuoshea vyombo, ni adhabu, na mkemia alikuwa akiitumikia adhabu hiyo tangu aolewe. Yeye alitengeneza dawa. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliipima. Waliishi kama paka na panya, na kila mmoja alijiona ndiye paka.

Dawa yenyewe ilikuwa polima, minyororo midogo iliyoundwa maabara ili kuiga silaha ambazo ngozi ya chura, na hata ya binadamu, hujitengenezea dhidi ya vijidudu. Ilimng'ang'ania bakteria kwenye ngozi yake ya nje, ikaitoboa, na bakteria akamwagika. Hata wale waliokwisha kuzoea dawa zote za hospitali walikufa.

Na waliozoea dawa ndio waliokuwa wakimla mume wa mkemia mguu. Alichomwa na chuma kazini, kidonda kikaoza, kila dawa ikagonga mwamba. Daktari alisema wazi kwamba mguu utakatwa kesho, isipokuwa kama maabara itamhakikishia kuwa polima ile haidhuru damu. Wa kuhakikisha ni mpimaji, yaani wifi.

“Nasubiri neno lako,” mkemia alisema. “Dawa iko tayari.”

Wifi hakugeuka. Alikuwa akipanga mirija yake ya plastiki. “Neno langu ni hapana.”

“Yule ni ndugu yako.”

“Najua. Nimembeba mgongoni wewe hujajua hata kama yuko duniani.”

“Basi unanikomoa mimi. Hukunitaka tangu siku ya harusi.”

“Sikukutaka, na leo sikutaki. Lakini hayo hayahusiani na damu.”

Hasira ilimpanda mkemia mpaka masikio yakamwaka. Kipimo cha damu alikuwa amekifanya mwenyewe, kwa sababu hakumwamini wifi hata kumshikia kijiko. Alichanganya damu na dozi ileile inayoua bakteria, akaizungusha kwenye mashine, chembe nyekundu zikatulia chini nzima nzima na maji ya juu yakabaki meupe. Sasa huyu anasema hapana, kwa roho ya korosho tu.

“Ulipimia kwenye nini?” wifi aliuliza.

“Kwenye mirija yangu.”

“Ya kioo.”

“Ya kioo, ndiyo. Ningegusa ya kwako ili useme nimekuibia?”

Maana ndivyo walivyokuwa. Waliwahi kugombana juu ya kisanduku cha mirija, mkemia akajinunulia yake, akaifungia kabatini kwa kufuli, na tangu hapo hakugusa cha wifi wala kumwonyesha chake.

Wifi alitoa mirija kwenye mashine akaiweka mbele ya mkemia. “Nimerudia kipimo chako leo. Dawa ileile, dozi ileile. Kwenye plastiki.”

Maji ya juu yalikuwa mekundu kama sharubati. Chini hapakuwa na chembe hata moja iliyosalia.

“Dawa yako inang'ang'ania kila kitu,” wifi alisema. “Iling'ang'ania kioo, haikuifikia damu, ndiyo maana damu yako ilipona. Bakteria nilipima mimi, kwenye plastiki, wakafa. Mwilini mwa ndugu yangu hakuna kioo.”

Mkemia alimchukia wifi kuliko siku yoyote, na alijua kwamba anasema kweli.

Walifika hospitali wakifuatana, wifi nyuma. Mume aliinua kichwa kwenye mto, akatabasamu alipomwona mkewe.

“Umeileta?”

Mkemia alifungua mdomo. Hakujua aanzie kwenye dawa au kwenye lile kufuli.

“Nimemkatalia,” wifi alisema kutoka mlangoni. “Dawa haitoki.”

Mume alimkodolea macho. “Yaani kwa ugomvi wenu, mimi nikatwe mguu?”

“Fikiria utakavyo.”

“Toka, dada. Nisikuone tena hapa.”

Wifi alimsogelea mkemia kana kwamba anamuaga, akamnong'oneza: “Usidhani nimekufanyia wewe. Kesho akizinduka atahitaji mtu wa kumshika mkono, na mimi si mkewe.” Kisha akatoka.

Mume aligeukia ukuta, akalia kidogo, akajifuta kwa shuka.

“Nisamehe,” alisema. “Miaka yote ulikuwa ukiniambia dada yangu ana roho mbaya, nami nakubishia.”

Mkemia aliushika mkono wake. Viatu vya wifi vilikuwa bado vinasikika kwenye ukumbi, na kama angemwita sasa hivi angesikia.

“Ndiyo,” alisema. “Nilikuambia.”